Huyo Askari wa Keya, Weka Brashi Chini

Wasee, tuongee kuhusu zile video za kabla na baada. Mtu anapata kisanamu cha askari wa zamani, rangi imebanduka, kofia imepauka. Anakikwangua na msasa, anakipaka upya, muziki unapanda, na ghafla kinang'aa. Mimi hutengeneza video, najua hiyo dakika moja inavuta watu vibaya sana. Lakini kama huyo askari ni wa Keya, msimamo wangu ni mmoja: usimguse.

Keya ni nani? Ni K.A.R., King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza hapa Afrika Mashariki, lililoundwa 1902. Watu walilitamka hivyo, kama vile Carrier Corps ilivyogeuka Kariokor pale Nairobi na Kariakoo kule Dar. Kampuni ya Britains ya London, iliyoanza kuunda askari wa risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, iliwahi kuuza seti ya hawa Keya: fezi nyekundu, bunduki, urefu wa kama sentimita tano na nusu. Askari wetu alikuwa toi ya mtoto wa Uingereza.

Sasa mtu ataniambia, "Si hiyo ndiyo sababu ya kumpaka upya? Seti nzima sura ni moja! Mpe sura ya Mborana, ya Mturkana, ya Msamburu." Naelewa, na hiyo hasira ni halali. Lakini ile rangi haikuonyeshi askari alikuwaje. Inakuonyesha aliyeshika brashi kule London alituonaje. Ukiifuta, umemfutia yeye ushahidi, hujatufutia sisi aibu.

Hapa Oldonyiro hii kitu ni rahisi kuelewa. Ng'ombe akiletwa sokoni, watu wanaangalia chapa. Ukichoma chapa mpya juu ya ile ya zamani, hujamrembesha. Umefanya asijulikane ametoka wapi, na kila mtu ataanza kukushuku. Wakusanyaji wa toi nao ni hivyo hivyo: rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa, huwa na thamani kuliko rangi yako mpya.

Halafu kuna afya. Huyo askari ni wa risasi, na rangi za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na risasi pia. Ukipiga msasa, vumbi linaingia kwa mapafu, kwa nguo, kwa meza mnayokulia. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na haionyeshi dalili mapema. Hakuna video ina thamani hiyo.

Na usidhani hizi ni stori za mbali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliokuwa wamepigania Waingereza walikaa hapa Isiolo, na vizazi vyao wako mpaka leo. Mwaka 1944 Keya walikuwa Burma wakipigana na Wajapani. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu tatu zilizosimama tangu 1928, na mmoja wao ni mpagazi wa Kariokor. Unazipita kila siku ukikimbilia matatu. Nitajie jina la mmoja wao. Exactly.

Kwa hivyo kama una kipaji cha rangi, na najua wengi mnacho, unda askari mpya. Tumia udongo, mbao, plastiki, chochote. Mpe uso wa mtu, si wa seti. Kabla hujapaka, tafuta picha za wakati huo, utaona wengi walipiga vita bila viatu. Ulizia mtaani mtoto au mjukuu wa Keya, akwambie babu yake alivaaje na alirudi na nini. Kisha waweke wawili, wa zamani na wako, kwa fremu moja. Hiyo ndiyo kabla na baada ningeangalia mpaka mwisho.

Na kama yule wa zamani alishakwanguliwa na mwingine akabaki bila rangi? Mpake, lakini andika chini ya miguu yake mwaka uliompaka. Atakayempata miaka hamsini ijayo asidanganywe.

Mimi niliacha chuo, siwezi kuwapa mhadhara. Ila wazee wanaojua hizi stori wanaisha. Rangi inaweza kungoja, wao hawawezi.