Ghorofa za Kariakoo na Msitu wa Kazimzumbwi: Barua ya Wazi kutoka Ughaibuni

Kwa wenye nyumba na wapangaji wa Kariakoo, kwa wanakijiji wa Kisarawe na Mkuranga, na kwa kila anayepokea fedha za ujenzi kutoka nje.

Vilima vya Pugu viko kusini-magharibi mwa Kariakoo, takriban kilomita 25 kwa barabara ya Nyerere. Huko ndiko iliko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo kwa pamoja ina zaidi ya hekta 7,000 na sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni mabaki ya misitu ya pwani, vipande vilivyosambaa kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, vyenye mimea na viumbe wengi wasiopatikana kwingine duniani. Ipo miti ambayo wanabotania wameipa jina la Pugu, kama Baphia puguensis na Millettia puguensis. Majiji machache ya Afrika yana msitu wa asili wa namna hiyo mahali panapofikika kwa daladala, na inasikitisha kuwa wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kuukanyaga.

Misitu hii imeliwa kwa mpangilio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ulifuatilia uharibifu wa misitu kuzunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005, ukakuta unatoka mjini kwenda nje kama wimbi. Mbele hutangulia wavuna mbao za thamani, kama mvule na mkongo. Hufuatiwa na wavuna mbao za bei ya chini. Nyuma yao wachoma mkaa. Wimbi la kwanza lilisogea kwa kasi ya takriban kilomita 9 kwa mwaka. Baada ya mkaa huja viwanja, na hapo ndipo hasara inapokuwa ya kudumu. Visiki vingi vya msitu wa pwani huchipua vikiachwa vipumzike, hata baada ya kukatwa kwa ajili ya tanuri. Palipomwagwa zege hapachipui kitu.

Chanzo cha viwanja hivyo kiko mjini, na Kariakoo inakionyesha kuliko mahali pengine popote. Kwa miongo mingi mitaa yake ilijaa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, baraza mbele, na uani kwenye jiko na choo. Chumba kimoja kiliweza kuwa makazi ya familia nzima, kwa hiyo nyumba moja ilihifadhi watu wengi hatua chache kutoka sokoni. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kiwanja kikawa na thamani kubwa kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Mwenye nyumba akifariki, warithi sita au kumi hawawezi kugawana korido. Njia nyepesi ni kuuza, au kuingia ubia na mwenye mtaji wa kujenga ghorofa. Fedha zikigawanywa, kila mrithi huenda kutafuta kiwanja chake Chanika, Kivule, Chamazi au ng'ambo ya mpaka wa mkoa. Wapangaji nao huhama, bila fidia, wakifuata kodi wanayoiweza. Nyumba moja ikivunjwa Kariakoo, viwanja kadhaa vinafyekwa pembezoni.

Ghorofa linalosimama mahali pa nyumba hiyo lingeweza kuwarudisha watu wale wale mara tatu. Mara nyingi haliwarudishi. Chini kuna fremu za maduka, juu yake fremu nyingine, na juu zaidi stoo za mizigo na nyumba za wageni. Kariakoo imekwenda juu kwa ajili ya bidhaa, huku watu wakisambaa kuelekea msituni. Hilo ndilo jambo ambalo Watanzania walioko nje, ambao barua hii inatoka kwao, wanaliona kuwa kiini cha tatizo zima.

Sensa zinathibitisha mwelekeo huo. Kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, ongezeko la chini ya robo. Katika muda huo huo Mkoa wa Pwani ulipanda kutoka takriban milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Jiji limevuka mpaka wake na kuingia mashambani mwa jirani.

Serikali imejaribu kupanga upanukaji huo. Mpango wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya pembezoni kama Buyuni, Mwanagati, Toangoma na Mbweni. Viwanja vilivyopimwa ni bora kuliko ujenzi holela, lakini vingi vilikuwa vikubwa, na sehemu yake ilinunuliwa na watu waliongoja bei ipande. Matokeo yake ni kiwanja chenye nyasi kilicholindwa kwa uzio, huku mwenye haja ya kweli akisogea mbele zaidi, hadi ukingoni mwa hifadhi. Upande wa Chanika, migogoro ya mpaka na msitu wa Kazimzumbwi imedumu miongo kadhaa, na familia zilizouziwa ardhi ya hifadhi zimejikuta hazina mahali pa kudai.

Kinachofanyika vilimani hurudi Kariakoo kwa njia ya maji. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, hupita Vingunguti na Kigogo, kisha hufika Jangwani, ubavuni mwa Kariakoo, kabla ya kuingia baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Ujenzi ndani ya bonde lenyewe na taka zinazoziba mifereji vina sehemu kubwa ya lawama. Hata hivyo, udongo wa mchanga uliovuliwa miti juu vilimani hushuka na mvua na kujaza mto, na mto uliojaa mchanga hufurika upesi zaidi. Waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, kandokando ya Pande, msitu mwingine wa pwani uliobaki. Jiji lilitibu jeraha la bondeni kwa kusogeza makazi karibu na msitu mwingine. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na fedha hizo zitapotea bure ikiwa juu ya mto kutaendelea kufyekwa.

Fedha za ughaibuni zimo katika mnyororo huu. Mtanzania aliyeko London, Muscat au Houston hununua kwa simu: dalali hutuma picha, ndugu huenda kuona, mwenyekiti wa kitongoji hugonga muhuri. Bei huwa ya kuvutia pale pale ardhi inapokuwa na utata. Kwa muda mrefu waliochukua uraia wa nchi nyingine walinunua kwa majina ya ndugu. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yanayowapa watu hao, wakipata hadhi maalumu, haki ya kumiliki ardhi. Haki hiyo ni njema, na itaongeza wanunuzi.

Kwa upande wa vijiji, kinga ipo kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Kijiji kinachofanya hivyo mapema, kabla madalali hawajafika, kina nguvu ambayo mtaa wa mjini hauna.

Mjini, mfano wa kufuata uko jirani tu. Huko Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilivunjwa, majengo mapya yaliyozinduliwa Machi 2022 yalitengewa kaya 644 za wakazi wale wale wa awali. Ubia wa Kariakoo unaweza kuandikwa hivyo hivyo: warithi wabakiziwe nyumba za kuishi ghorofani, na kibali cha ujenzi kitaje idadi ya vyumba vya makazi. Kwenda juu kunahitaji usimamizi wa kweli, kwani ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20.

Kwa anayetuma fedha, hatua ni chache na zinawezekana. Kiwanja kiwe kimepimwa, kisicho mpakani mwa hifadhi. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uombwe na usomwe. Ofisi ya TFS iulizwe mpaka uko wapi, kabla ya kutoa hata malipo ya awali.