MAKTABA SI DUKA



Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka 1958. Mwaka 1962 ikashikwa na Baraza la Jiji, ikawa yetu sote.

Wako wanaosema mali ya umma iuzwe kwa kuwa Serikali haina fedha. Novemba 2023 yalitajwa mashirika 11 ya kuuzwa, na KICC na Kenya Literature Bureau, wachapaji wa vitabu vya shule, yakiwamo. Watu walipinga, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria yenyewe. McMillan haikuwamo katika orodha ile. Lakini aliye tayari kumuuza mchapaji, ataona haya kuuza rafu?

Msaada hatuukatai. Book Bunk, shirika lisilotafuta faida, limetengeneza matawi ya Kaloleni na Makadara kwa mapatano na Kaunti. Msaidizi ni mmoja, mnunuzi ni mwingine. Mnunuzi hutaka faida, na faida ya maktaba itatoka wapi ila mlangoni, kwa mtoto wa Satellite anayelala chumba kimoja na wazazi na ndugu zake, asiye na pa kuweka daftari? Babu yake alifungiwa nje kwa rangi. Yeye atafungiwa kwa shilingi.

Katiba ya 2010 imeweka maktaba mikononi mwa Kaunti. Basi Kaunti itie fedha za vitabu na mishahara ya watunza maktaba katika makadirio yake, nasi tuyasome kabla hayajapitishwa.