Mwanafunzi na Ajira ya Wanaomhudumia

Yapo mambo ambayo mwanafunzi wa bweni huyajua kabla mwalimu mkuu hajayajua: kwamba mpishi huwakemea wadogo wanapoomba kuongezewa uji, na iwapo matroni, anapogongewa mlango usiku na mgonjwa, huamka upesi au hujifanya hasikii. Lakini siku ya kuwasaili waombaji wa kazi hizo, ujuzi huo wote huachwa nje, na watu wasiolala bwenini humchagulia mtoto mlezi.

Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekwisha kumpa mjumbe wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi ya shule kwa wadhifa wake. Na ijapokuwa walimu wa serikali huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, bodi hizo ndizo zinazoajiri wapishi, walinzi na makarani, pamoja na walimu wa kuziba mapengo. Maadamu sheria imemkaribisha mwanafunzi katika bodi, si insafu kumwita kusikiliza habari za ujenzi wa maktaba na kumtoa yanapofika mashauri ya ajira.

Watakaopinga watasema kwamba mtoto humpenda mlegevu. Hofu hiyo hatuidharau, na kwa sababu hiyo hatuombi yanayotendeka Sudbury Valley, shule iliyoanzishwa mwaka 1968 mjini Framingham, Marekani, ambako kila mwaka wanafunzi na wafanyakazi, wadogo kwa wakubwa, hupiga kura ya siri, kila mtu kura moja, kuamua ni nani aendelee na kazi. Hata hivyo, shule hiyo ingali imesimama, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba watoto hawakuiangamiza. Tunaloomba ni dogo zaidi, nalo limezoeleka katika shule nyingi za Uingereza: mwombaji, akiwa wa ualimu, afundishe somo moja mbele ya darasa, kisha akutane na wanafunzi wachache chini ya uangalizi wa mtu mzima, wasipewe nyaraka zake za siri wala wasiruhusiwe kumjadili kwa sura au lafudhi, na maoni yao yafikishwe kwa bodi, ambayo dhamana ya uamuzi hubaki mikononi mwake.

Aghalabu mwalimu mwenye heshima ya kazi yake hataona haya kutazamwa na wale atakaowafundisha. Tunawaomba wajumbe wa bodi wasomao toleo hili waanze na ajira ya matroni ajaye, na watuandikie waliyoyaona.