Trekta Kuukuu Lirudishiwe Vyake

Mto Tana ushukao Kipini kwetu pwani ndio unyweshao mashamba ya ndizi na maembe kule Garissa. Katika nchi kavu kama ile, trekta likiharibika siku ya kulima, msimu umekwenda.

Trekta la Massey Ferguson 135, lililoundwa Uingereza tangu 1964 hadi 1975, lina mikono miwili kuliani mwa kiti. Mmoja huweka kimo cha plau. Wa pili huifanya plau ijiinue kidogo yenyewe udongo unapokuwa mzito, injini isizidiwe. Ukiung'oa huo na kuchomelea chuma cha kubahatisha, rangi mpya nyekundu haitakulimia.

Wako wasemao vipuri vya asili ni ghali. Ni kweli. Lakini trekta lililokufa hutoa kipuri cha kumfaa mwenziwe, na fundi mzee ajua kukifunga. Basi kabla ya kuyauza kwa kilo kama chuma chakavu, fundi huyo na apewe vijana wawili awafunze. Kutupa kifaacho ni israfu, na dini yatukataza. Usiache mbachao kwa msala upitao.