HAISIKII MZIGO? NANI KAKUDANGANYA? (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Nachingwea na Ruangwa, leo sigusi chanjo wala uji wa lishe. Naongelea injini. Najua watasema nesi kaingilia kazi za mafundi. Sawa. Lakini chombo kikianguka mnaletwa kwangu, hampelekwi kwa fundi.

Juzi nilikuwa kijiweni natafuta usafiri. Nikamkuta mama amepakiwa tayari: kichanga mgongoni, wa kama miaka mitatu kakalishwa mbele juu ya tenki, mdogo wake wa kike kajibana nyuma. Mshikaki kamili. Nikamwambia dereva, kijana wangu, hapana. Akacheka. "Nesi, hii ni mia na hamsini. Haisikii mzigo." Mama naye akaitikia, "Ina nguvu hii, nesi, usiogope." Dereva sikumshangaa, yuko kazini anatafuta hela. Aliyeniumiza ni mama.

Tuanze na hiyo nguvu. Farasi mmoja, kwa kipimo wanachoandika kwenye pikipiki nyingi, ni uwezo wa kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Boxer ya CC 100 ina kama farasi 8, ya CC 150 kama 12. Na hao 12 hawapo kila wakati. Wanatimia injini ikizunguka karibu mara 7,500 kwa dakika, yaani ikiwa inalia kama inataka kupasuka. Kwenye kilima na magunia, CC 150 inasaidia, sikatai. Ila hiyo ni kazi ya kuondoka na kupanda. Kusimama ni kazi ya kifaa kingine kabisa, na hicho hakuna anayekuuliza habari zake kijiweni. Injini haisikii mzigo. Breki inasikia.

Boxer nyingi zinazotubeba huku zina breki za drum mbele na nyuma, na wengine wanatembea na breki zilizokwisha miezi mingapi sijui. Halafu mwendo ukitoka 30 ukafika 60, kishindo cha kuanguka hakiongezeki mara mbili, kinaongezeka mara nne. Huo mfupa wa mtoto wa miaka mitatu aliyekaa juu ya tenki, mbele yake kuna usukani tu.

Mume wangu ni mgonjwa wa video za magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye injini za kunguruma, kwa hiyo hata mimi nimeambukizwa. Pontiac GTO ya mwaka 1964 iliuzwa kwa sifa ya farasi 325, huku magurudumu yote manne yana breki za drum. Hata hizo namba zilikuwa zimepambwa. Injini ilipimwa ikiwa imetolewa nje ya gari, bila vifaa vingi vinavyokula nguvu yake. Kufika 1972 viwanda vikawa vinatangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, namba zikaporomoka, hata kwa injini ambayo haijabadilishwa kitu. Vijana wa kule walikuwa wananunua namba. Vijana wetu wananunua stika ya 150 ubavuni. Na sisi Nachingwea tulitakiwa tuwe na akili zaidi, maana Waingereza walishatuletea hapa matrekta ya mradi wa karanga, na 1951 mradi ukafutwa. Nguvu ilikuwepo. Karanga je?

Sasa niwaambie ninachokiona wodini. Kanga inayoning'inia ikanaswa na gurudumu la nyuma, mama akavutwa chini na mtoto mgongoni. Muundi wa mtoto umeungua kwa ekzosi, kwa sababu dereva kang'oa kinga. Halafu anakuja kapakwa dawa ya meno! Jamani, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, basi, mlete. Na kichwa ndicho kinanikosesha usingizi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Abiria wangapi kati yenu mmewahi kupewa?

Mtaniambia, nesi, nauli. Najua. Kutoka kijijini hadi kliniki si hela ndogo, na boda mbili ni mara mbili. Mimi mwenyewe nilivyojifungua mtoto wa kwanza nilitoka wodini kwa mshikaki, mtoto kifuani, mama mkwe nyuma yangu. Tulifika salama, na ndiyo maana niliendelea kupanda hivyo miaka miwili. Lakini leseni inasema abiria mmoja, na mteja ni wewe. Mwambie akaze breki ya mbele, halafu aisukume pikipiki. Gurudumu likizunguka, shuka, tafuta mwingine. Mwenye CC 100 yenye breki nzima anakufikisha kliniki ile ile. Mkikataa watatu kijiwe kimoja, wiki hiyo hiyo mtaona breki zinarekebishwa.

Minada ya RUNALI ikianza na hela za korosho zikiingia, nyumba nyingi zitaombwa pikipiki. Kwetu tayari. Mdogo wangu wa mwisho anataka auze CC 100 yake achukue 150, na mama kashakubali kumuongezea. Nimempigia mama nikamwambia hiyo nyongeza itoke hivi: matairi mawili, breki mpya mbele na nyuma, helmeti mbili, moja ya abiria, na kinga ya ekzosi irudishwe. Ikibaki chenji ndipo tuongee habari za CC. Mama kanielewa. Mdogo wangu kanuna, tangu Jumapili hapokei simu yangu.