Kadi ya kugusa ianzie getini, isianzie kwa mpagazi

Na Rajabu Nkurikiye

Noti kubwa kuliko zote nchini Burundi ni ya faranga 10,000. Tangu Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) iliposhusha thamani ya sarafu Mei 2023, noti hiyo haifikii dola 4 hata kwa bei rasmi. Anayedaiwa faranga milioni 10 akataka kulipa taslimu hana budi kubeba noti 1,000, azihesabu, na karani azihesabu tena mbele yake. Bandari ya Bujumbura hupokea shehena iliyotoka Dar es Salaam kwa reli na kupakiwa melini Kigoma, pamoja na saruji na sukari za Mpulungu nchini Zambia. Mbali na ada kubwa zinazopitia benki, mizigo ya namna hiyo huandamana na malipo madogo ya kila saa: kuingiza lori, kupima mzigo, kuegesha, kupakua. Ndiyo maana hoja ya kuleta kadi za kugusa, ambazo mlipaji huzisogeza tu karibu na mashine bila kuzichomeka wala kubonyeza namba ya siri, inastahili kusikilizwa. Naiunga mkono kwa sharti moja: ianzie kwenye madirisha ya ada rasmi, na isimnyang'anye mtu yeyote haki ya kulipa na kulipwa taslimu.

Hofu inayotajwa zaidi ni ya mwizi anayejipenyeza kwenye msongamano na kifaa mfukoni, akikomba fedha za watu hewani. Ukitazama jinsi kadi inavyofanya kazi, hofu hiyo inapungua. Kadi huwasiliana na mashine kwa mawimbi ya redio ya umbali wa sentimita chache tu, na kila muamala hutengeneza alama ya siri inayotumika mara moja. Aliyeinasa alama ya leo hawezi kulipia nayo kesho. Kwa kifaa maalumu anaweza kusoma namba ya kadi na tarehe ya mwisho wake, lakini zile tarakimu tatu zilizochapwa nyuma hazisomeki kwa njia hiyo. Tena fedha zinazokatwa na mashine ya malipo huingia katika akaunti ya mfanyabiashara aliyesajiliwa na benki, kwa hiyo mwizi huyo angeacha nyayo kila anapoiba. Nchini Uingereza, ambako kadi hizi zilianza kutumika mwaka 2007, wizi unaozihusu umekuwa kwa miaka kadhaa chini ya pensi 3 katika kila pauni 100 zilizolipwa, na chanzo chake kikuu ni kadi zilizopotea au kuibwa.

Basi hatari halisi ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kadi ikidondoka, aliyeiokota anaweza kulipa nayo mpaka afike kikomo kilichowekwa. Uingereza ilianza na kikomo cha pauni 10, ikapanda hatua kwa hatua hadi pauni 100 Oktoba 2021. Umoja wa Ulaya uliweka yuro 50 kwa kila malipo, na namba ya siri hudaiwa baada ya malipo matano mfululizo au jumla ya yuro 150. Hapa kwetu kuna ugumu ambao nchi hizo hazikukutana nao kwa ukali huu. Kikomo kinachopangwa kwa faranga leo kitazeeka haraka kwa kasi ya mfumuko wa bei. Kikiwa kidogo mno, kadi haitatosha hata kulipia lori moja. Kikipandishwa bila kipimo, kadi iliyopotea itaondoka na kipato cha mwezi mzima. Kikomo hicho kinafaa kupitiwa kila mwaka kwa utaratibu unaojulikana, na mwenye kadi awe na uwezo wa kukishusha au kukizima mwenyewe.

Faida ninayoiona kubwa kuliko kasi ni kumbukumbu. Malipo ya kadi hubaki katika vitabu vya benki yakiwa na saa, tarehe na kiasi, na jumla ya dirisha moja kwa siku inaweza kulinganishwa na idadi ya malori yaliyopita. Mlipaji naye anapata ushahidi ambao haumtegemei karani. Atakayesema kuwa hongo haitakoma kwa sababu ya kadi, amesema kweli, maana hongo itaendelea kutolewa kwa noti. Lakini ada rasmi ikishakuwa haipiti mikononi mwa mtu, kinachodaiwa juu yake hakina tena pa kujificha. Tukumbuke pia Juni 2023, BRB ilipotangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 na kuwapa wananchi siku 10 tu kuzipeleka benki. Aliyekuwa na mtaji wake sandukuni alihangaika. Aliyekuwa nao kwenye akaunti hakuwa na noti za kubadilisha.

Hata hivyo, mfano wa Kenya unatuonya tusiidhanie teknolojia kuwa inatosha. Mwaka 2014 serikali ya nchi hiyo iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Kadi zilikuwapo, ikiwemo BebaPay ya Google na benki ya Equity, na bado mpango ulikwama. BebaPay yenyewe ilifungwa mwaka 2015. Biashara ya matatu ilihitaji fedha mkononi siku hiyo hiyo, kwa mafuta, kwa ujira wa wafanyakazi na kwa matumizi mengine ya barabarani. Bandarini hali ni hiyo hiyo. Mpagazi hulipwa jioni na mama anayeuza chakula hulipwa papo hapo. Dereva akilazimika kuwa na noti za hao wote, kadi haijampunguzia mzigo. Na tukimlazimisha mpagazi apokee ujira kwa kadi, atakuwa amebebeshwa makato ya benki kutoka kwenye kipato kisicho na ziada. Kwa hiyo yeye awe wa mwisho kufikiwa, na kwa hiari yake.

Wapo watakaouliza kadi ya nini wakati huduma za fedha kwa simu, Lumicash na EcoCash, zimekwisha kuingia mifukoni mwa watu. Swali hilo ni zito, na jibu langu ni kwamba vitu hivyo viwili havina ugomvi. Simu ni bora kwa kutuma fedha mbali; getini, penye foleni ya malori, kuandika namba na kusubiri ujumbe kunachelewesha. Kadi inaweza kuunganishwa na akaunti ya simu, au ikawa ya kujazwa salio kabla, kama zile za Tap&Go zilizoanza katika mabasi ya Kigali mwaka 2015. Kadi ya salio ina uzuri mwingine: ikipotea, hasara haizidi kilichokuwamo.

Kuna kikwazo ambacho watetezi wa kadi hukipita haraka, nacho ni bei ya dola. Mwaka 2025 dola ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Kadi iliyotolewa Tanzania, Kongo au Zambia hubadilishiwa fedha kwa bei inayokaribiana na hiyo rasmi. Mfanyabiashara wa Kigoma akigusisha kadi yake Bujumbura, anapata faranga pungufu ya nusu ya zile ambazo angezipata kwa dola zake mtaani. Hata mashine ikiwa nzuri namna gani, hataigusa. Kadi ya kuvuka mpaka itasubiri mpaka pengo hilo lizibwe, na kuliziba ni kazi ya sera ya fedha za kigeni. Kwa sasa tulenge malipo ya ndani, kwa kadi za ndani.

Mwisho ni umeme na mtandao. Nchi ambayo mtu mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyefikiwa na umeme haiwezi kujenga malipo yake juu ya mashine peke yake. Hata walioendelea wamekumbana na hili: Aprili 28, 2025 umeme ulipokatika Hispania na Ureno, mashine za kadi zilizimika na watu wakatafuta noti. Sweden, inayosifika kwa kuacha taslimu, ina sheria tangu 2020 inayozilazimisha benki kubwa kuendelea kutoa huduma za taslimu. Mashine kadhaa zinaweza kupokea malipo bila mtandao na kuyatuma baadaye, lakini hapo benki hukubali kubeba hasara ya salio lisilotosha, na hasara hiyo haifai kuhamishiwa kwa mlipaji wala kwa bandari.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza bila kusubiri mageuzi makubwa. Dirisha moja la ada ndogo getini lipokee kadi ya kugusa, la pili liendelee na taslimu, na bei iwe ile ile kwa yote mawili. Makato yalipwe na mwenye dirisha, maana ndiye anayeokoa muda wa kuhesabu. Takwimu za miezi ya mwanzo zitangazwe: foleni imepungua kwa kiasi gani, mapato yamebadilikaje, mashine imezimika mara ngapi. Foleni ya kadi ikiwa fupi na risiti yake ikiaminika, madereva watahamia wenyewe. Wasipohamia, tutakuwa tumejua tatizo kwa gharama ya dirisha moja, badala ya kulijua baada ya kufunga mashine katika bandari nzima.