Wakongomani wa Marekani: akiba ya uzee ikichotwa mapema, kodi inakata mara mbili

Tangu M23 iingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, na benki kufunga milango, familia nyingi za Kivu zimekuwa zikitegemea pesa zinazotumwa na ndugu walio ng'ambo. Huko Marekani wako maelfu ya Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi kutoka kambi za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Wengi wao wanafanya kazi viwandani na kwenye maghala. Mshahara unapokuwa umeisha na simu ya nyumbani inaendelea kulia, wazo linalokuja haraka ni kuchota akiba ya uzee, ile inayoitwa 401(k).

Pesa hiyo ni mali ya mfanyakazi kweli. Lakini anayeichota kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu anakutana na kodi mbili kwa wakati mmoja, na sehemu ya kodi hizo haionekani siku anapopokea pesa. Hapo ndipo familia nyingi zinakosea hesabu.

Kwa nini inakatwa

Nchini Kongo, mfanyakazi aliyeandikishwa anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, mwajiri naye anaongeza asilimia 5, na yote inaingia CNSS. Ni kapu moja la wote. Hakuna mtu mwenye akaunti yake ndani ambayo anaweza kuifungua kesho asubuhi. Mtu anasubiri pensheni akifika miaka 60.

401(k) ni kitu tofauti. Ni akaunti ya mtu binafsi kupitia kampuni anayoitumikia. Kila siku ya mshahara sehemu inawekwa humo, na mara nyingi kampuni inaongeza ya kwake. Serikali ya Marekani haitozi kodi ya mapato kwenye pesa hiyo siku inapowekwa. Inangoja siku itakapotoka. (Akiba ya aina ya Roth ina kanuni zake, kwa sababu ile imekwisha kukatwa kodi mwanzoni.)

Kwa hiyo pesa ikitoka, inahesabiwa kama mshahara wa mwaka huo. Hiyo ndiyo kodi ya kwanza. Ya pili ni nyongeza ya asilimia 10, iliyowekwa kama adhabu ili watu wasile akiba yao kabla ya uzee.

Hesabu ya dola 10 000

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa miaka 40, mwenye ndoa, aliyeacha kazi na kuomba dola 10 000 zake zote. Sheria inalazimisha wanaotunza akiba kukata asilimia 20 papo hapo. Anapokea dola 8 000 na kudhani amemalizana na serikali.

Bado. Ile asilimia 20 ni malipo ya awali tu. Hesabu kamili inafanywa mwaka unaofuata, wakati wa kujaza karatasi za kodi, kabla ya tarehe 15 Aprili. Kama mapato ya nyumba yake yako kwenye ngazi ya asilimia 12, kodi ya pesa hiyo ni dola 1 200, na adhabu ni dola 1 000. Jumla 2 200. Amekwisha kukatwa 2 000, basi anadaiwa 200 zaidi. Kama yuko kwenye ngazi ya asilimia 22, jumla inapanda hadi 3 200, na deni linakuwa dola 1 200. Wakati huo zile 8 000 zimekwisha kulipa kodi ya nyumba na chakula huku Kivu.

Majimbo nayo yana sehemu yao. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, lakini Iowa na Kentucky zinatoza. California inaongeza hata adhabu yake ya asilimia 2.5.

Kuna hasara nyingine inayofichika. Mapato ya mwaka yakipanda kwa sababu ya pesa hiyo, msaada wa kodi ambao serikali inarudishia familia zenye mshahara mdogo na watoto unaweza kupungua. Familia iliyozoea kurudishiwa pesa mwanzoni mwa mwaka inaweza kuona kiasi kimeshuka bila kuelewa sababu.

Shida haifuti adhabu

Aliye bado kazini mara nyingi hawezi kuchota apendavyo. Mipango mingi inaruhusu kuchota kwa sababu ya shida kubwa: matibabu, mazishi, masomo, kuzuia kufukuzwa kwenye nyumba. Kwa kawaida shida hiyo inamhusu mfanyakazi mwenyewe, mume au mke, watoto na wanaomtegemea kisheria. Kwa mazishi, wazazi nao wanaingia. Kaka au shangazi aliyekimbia vita Masisi si rahisi kuingia humo.

Tena, kuruhusiwa kuchota si sawa na kusamehewa. Anayepewa pesa kwa sababu ya shida bado analipa kodi ya mapato, na kwa kawaida bado analipa ile asilimia 10. Pesa ya namna hii haikatwi asilimia 20 ya lazima. Inakatwa 10, na mtu anaweza hata kukataa isikatwe. Anapokea nyingi leo, deni la Aprili linakuwa kubwa zaidi.

Wanaosamehewa adhabu ni wachache: aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu, mwenye gharama za matibabu zinazopita asilimia 7.5 ya mapato yake, aliyeacha kazi katika mwaka anaofikisha miaka 55 au baadaye. Mzazi aliyepata mtoto anaweza kuchota hadi dola 5 000. Tangu 2024 sheria inaruhusu pia hadi dola 1 000 kwa mwaka kwa dharura ya mtu au familia, kama mpango wa kampuni umekubali. Hao wote wanaepuka adhabu, lakini kodi ya mapato inabaki.

Njia zisizoumiza sana

Mipango mingi inaruhusu mkopo. Mfanyakazi anajikopesha hadi nusu ya akiba iliyo yake kabisa, bila kupita dola 50 000, na kwa kawaida anarudisha ndani ya miaka 5 kwa kukatwa mshahara. Haulipiwi kodi, na riba inarudi kwenye akaunti yake mwenyewe. Hatari iko kwa anayeacha kazi: asipolipa salio kabla ya tarehe ya mwisho ya kodi ya mwaka huo, linahesabiwa kama pesa iliyochotwa.

Anayehama kampuni anaweza kuagiza akiba ihamishwe moja kwa moja hadi akaunti nyingine ya uzee. Hapo hakuna kinachokatwa. Akiwa amekwisha kupokea sheki, ana siku 60 za kuirudisha, na lazima atafute mfukoni mwake ile asilimia 20 iliyokatwa. Akiba isiyofika dola 1 000 kampuni inaweza kumtumia kwa sheki bila yeye kuomba.

Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza pia asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa noti mkononi. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani haitozwi.

Kwa ndugu walio Goma, Bukavu au Uvira, dola 1 000 zilizotoka kwenye akiba ya uzee zinaweza kuwa zimemgharimu aliyetuma karibu 1 300 au zaidi. Kabla ya kusaini, mfanyakazi ana haki ya kuuliza ofisi ya wafanyakazi maswali matatu: je, mpango unatoa mkopo, je, unakubali ile dharura ya dola 1 000, na kodi ya Aprili itafika ngapi. Jibu la swali la tatu ndilo la kuwaambia walio nyumbani, ili wajue kiasi anachoweza kutuma bila kuingia kwenye deni.